Eti Lorena Ochoa aliacha gofu akiwa namba moja duniani? Nimeweka dau, nisaidieni

MtotoWaNgamiani (mleta uzi)

Wadau habari za saa hizi, wakubwa shikamooni.

Jana baada ya isha tulikuwa kijiweni barabara ya 9 hapa Ngamiani tunakunywa kahawa kama kawaida yetu, mada ikaanza na Coastal Union ikahamia kwa wachezaji waliostaafu, nani aliondoka na heshima yake na nani alisubiri mpaka akazomewa. Sasa pale kijiweni tuna fundi baiskeli mmoja mtu mzima, mtulivu kweli, jioni nzima anaweza kuongea mara moja tu. Yeye akaweka kikombe chini akasema nyie hamjui kitu, aliyeondoka vizuri kuliko wote ni binti wa Mexico mcheza gofu anaitwa Ochoa, aliacha akiwa namba moja wa dunia na miaka yake 28. Akarudi kimya.

Mie nikabisha. Nikasema haiwezekani, mtu namba moja wa dunia hela inaingia kama mvua ya masika, goti zima, mgongo mzima, aamke tu asubuhi aseme basi? Lazima aliumwa, au kuna kesi, au mume alimkataza. Kelele zikawa nyingi mpaka nikaweka dau, nikishindwa nalipa kahawa na kashata za kijiwe kizima wiki nzima. Na kile kijiwe jamani kina watu wanakunywa vikombe sita sita.

Nimefika home nimeanza kupekua kwenye simu bando likakata katikati, nimeishia kuona picha ya dada kavaa kofia anacheka. Ndo nakuja kwenu. Ni kweli aliacha mwenyewe? Na alikuwa mkali kiasi gani, isije kuwa alikuwa namba moja wiki mbili halafu mzee ananiingiza mjini. Gofu mie siijui, najua tu kile kiwanja tunapita na baiskeli tunaona watu wanavuta vikapu. Msinicheke.

Nawasilisha.

Mgosi_wa_Lushoto

Mgosi andaa hela ya kahawa mapema.

Sio wiki mbili, ni wiki 158 bila kushuka. Alikaa kileleni tarehe 23 Aprili 2007 na hakuteremshwa na mtu, aliteremka mwenyewe 2010. Miaka mitatu hiyo. Kuna dada wa Korea Kusini, Jin Young Ko, 2023 amempita kwa jumla ya wiki alizowahi kuwa namba moja, lakini wiki za Ko zilikatika katika, za Ochoa zimeshikana kama mnyororo wa baiskeli ya huyo fundi wenu.

Mwambie fundi ananidai heshima.

KijanaWaMakorora

Mi naungana na mleta mada. Hapo kuna mume tu hamna kingine. Nimesoma mahali kwamba Desemba 2009 aliolewa na bosi mkuu wa shirika la ndege la Aeromexico, Aprili 2010 katangaza kuacha. Miezi minne tu jamani!! Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaipiga. Mleta uzi wewe waambie kijiweni umeshinda nusu, mlipe nusu kwa nusu.

KediMstaafu

Marahaba mwanangu mleta uzi. Mie nimebeba mabegi ya gofu hapa hapa Tanga tangu niko darasa la tano, enzi zile tunatoka shule tunavua viatu tunavificha kwenye majani visichakae, tunakimbilia kiwanjani peku. Mpira ukipotea vichakani wewe kedi ndo unaufuata, kwenye miba, kwenye siafu, na ukiupata baada ya yule mzungu au yule mhindi kuondoka basi jumapili unamuuzia mwenzake. Nilikuja kufanya kazi Dar baadae, na huko ndo nilimfuatilia huyu binti kwenye dishi la bosi wangu miaka ile ya 2005 hadi 2010. Kwa hiyo kaeni niwaeleze, mtanisamehe kwa urefu.

Kwanza mjue gofu mwenye namba ndogo ndo mshindi, unahesabu mikwaju uliyopiga mpaka mpira umeingia mashimo yote 18, na mashindano makubwa ni siku nne. Kila shimo lina idadi yake ambayo mchezaji mzuri anategemewa, hiyo ndo wanaita pa. Basi, hilo linatosha msijaze vichwa.

Lorena kazaliwa Guadalajara, Novemba 1981, nyumba yao iko jirani na klabu ya Guadalajara Country Club, akaanza kupiga mpira ana miaka 5. Ana miaka 6 kashinda mashindano ya jimbo, ana 7 kashinda ya taifa. Akaenda chuo kikuu cha Arizona kule Marekani, mwaka wake wa pili akaingia mashindano 10, kashinda 8, na yale mawili yaliyobaki kawa wa pili. Yaani mwaka mzima hajawahi kuwa wa tatu! 2002 akaacha chuo akaingia kwenye gofu ya kulipwa, 2003 akawa mchezaji mpya bora wa LPGA ambayo ndo ligi kubwa ya kina mama.

Sasa mtu akisikia mataji 27 anadhani njia ilikuwa lami. Hapana. Mie namkumbuka kwa vilio vyake kwanza.

2005, US Open ya wanawake, kiwanja cha Cherry Hills huko Colorado. Siku ya mwisho amecheza vizuri kafika shimo la 18, angepata pa yake tu ya mikwaju minne angelingana na yule aliyekuja kushinda. Kushoto pale kuna bwawa. Akavuta fimbo, na mie niliyekaa na wachezaji miaka yote ile niliona kabla mpira haujaruka, fimbo ilichota udongo kwanza ndo ikafika kwenye mpira. Mnajua mtu anavyolima akakutana na jiwe, jembe linageuka mkononi? Ni hivyo hivyo, fimbo ikigeuka mkononi mpira unakata kushoto kama umeitwa. Majini. Likawa shimo la mikwaju 8. Na dada mwingine wa Korea, Birdie Kim, akaja shimo hilo hilo akiwa kwenye mchanga pembeni, akapiga mara moja ukaingia, akabeba kombe. Bosi wangu alizima tivii.

Mwaka uliofuata, 2006, mashindano ya Kraft Nabisco kule California. Siku ya kwanza kapiga 62, watu wanashika vichwa. Siku ya mwisho Karrie Webb wa Australia akapiga kutoka mbali, zaidi ya yadi 100, mpira ukadunda ukaingia shimoni moja kwa moja. Lorena naye hakukubali, akalimaliza shimo hilo mikwaju miwili chini ya pa, wakalingana, wakaenda kurudiana na Webb akashinda. Mtu wa kawaida hapo anaanza kutafuta mganga.

Ndo 2007 sasa. Women's British Open ikapelekwa St Andrews, Old Course, Scotland. Hicho kiwanja wenye gofu wanakiheshimu kama sie tunavyouheshimu msikiti wa zamani, na kina mama wa kulipwa hawakuwahi kuchezea mashindano yao hapo. Klabu ya wakubwa wa pale, Royal and Ancient, ilikuwa ya wanaume watupu na wanawake hawakuwa wanachama mpaka 2014. Wiki ile mlango ukafunguliwa. Na nani aliyeshinda? Binti wa Mexico, aliongoza tangu siku ya kwanza alipopiga 67, hakushikwa, akamaliza na mikwaju minne mbele ya waliomfuata. Upepo wa pale mwanangu, ukisimama Raskazone wakati wa kusi zidisha mara tatu na uongeze baridi.

2008 akarudi Kraft Nabisco kule kule alikolizwa na Webb, akachukua. Desturi ya pale mshindi anaruka kwenye bwawa la shimo la 18, akaruka na ndugu zake wote. Miaka miwili mitatu nyuma bwawa lilikuwa adui yake, jamani. Mie hiyo picha ndo nimebaki nayo.

Sababu ya kuacha nitakuja kuisema, macho yamechoka naandika na simu ndogo.

DadaWaChumbageni

Shikamoo mzee Kedi, umenikosha kweli.

KijanaWaMakorora wewe nakurudia. Eric Cantona aliacha mpira 1997 ana miaka 30, bado anapendwa, bado nahodha wa Manchester United, mmewahi kukaa kijiweni mkauliza mkewe alisemaje? Hamjawahi. Mwanaume akiacha ana msimamo, mwanamke akiacha kaachishwa. Acheni hizo.

Huyu dada alisema tangu mapema, hata hajaolewa, kwamba hatacheza miaka mingi, kama kumi hivi inamtosha, na anataka kuwa na familia. Watu hawakumwamini kwa sababu kila mchezaji husema hivyo. Mwanzoni mwa 2010 yuko Thailand kwenye mashindano ndo akagundua kwamba mwili uko pale na moyo haupo, karudi nyumbani kaongea na watu wake, Aprili kaita waandishi wa habari kaongea akiwa anacheka na kulia. Halafu mashindano ya mwisho akayacheza nyumbani kwao Mexico, mji wa Morelia, mbele ya watu wake, kawa wa sita. Hakuumwa, hakukuwa na kesi, hakuna aliyemfukuza.

Na mume wake hakumkuta barabarani, Aeromexico walikuwa wadhamini wake, walifahamiana siku nyingi. Sasa ana watoto watatu. Ukitaka kumwonea huruma mwonee mwingine.

Mleta uzi lipa kahawa.

KijanaWaMakorora

Dada punguza jazba nimeuliza tu 😂 Cantona mkali lakini hakuwa namba moja wa dunia.

Halafu mimi naomba kuuliza swali jingine bila kugombezwa. Gofu ni mchezo wa matajiri. Huyo Ochoa mzee kasema mwenyewe nyumba yao iko jirani na klabu, baba yake alikuwa kwenye biashara za majumba na viwanja, mama msanii wa kuchora. Sasa sisi wa Makorora inatuhusu nini? Hata angecheza miaka 50 sie tungebaki tunaokota mipira.

Mwanamkonge

Inatuhusu kwa sababu ya mkonge, wewe.

Msicheke nipo serious. Mkonge wote mnaouona kuanzia Pongwe mpaka Korogwe asili yake Mexico, Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani anaitwa Hindorf aliagiza miche kama 1000 kupitia Florida, safari ndefu ile, iliyofika hapa hai ni 62 tu. Sitini na mbili! Kutoka hapo Tanga ikawa Tanga. Hata jina lile la kizungu, sisal, ni jina la bandari ya huko Yucatán walikokuwa wanapakilia nyuzi.

Na Guadalajara anakotoka Ochoa ni mji mkuu wa jimbo la Jalisco, ndiko kuna mji wa Tequila, na ile pombe inatoka kwenye mmea ambao ni binamu kabisa wa mkonge wetu, ukiweka picha mbili pembeni babu yangu aliyekata mkonge miaka 30 hatofautishi. Wao wanakata moyo wake wanaoka wanakamua wanalewa, sie tunakata majani tunatoa kamba. Kwa hiyo yule dada ni mtu wa mkonge mwenzetu. Mtoeni nje KijanaWaMakorora.

Kwenye gofu sina la kusema mimi.

Mgosi_wa_Lushoto

Hii sasa ndo Tanga 😂😂 uzi wa gofu umefika shambani.

Ila 62 za mkonge na 62 za Kraft Nabisco, mwanamkonge umeona hiyo?

KediMstaafu

Nimerudi, nimeswali nimekula.

Dada wa Chumbageni marahaba, umelimaliza la kuacha, sina la kuongeza ila moja. Kulikuwa na bei ya kuondoka mapema na yeye aliijua. LPGA wana orodha yao ya heshima ya wachezaji wa kukumbukwa, unaingia kwa pointi 27 na zamani ilikuwa lazima pia utimize miaka 10 kwenye ligi. Pointi yeye alizimaliza 2008, ana miaka 26. Miaka ndo ilikuwa haijatimia. Yaani angevumilia misimu michache, hata akicheza ovyo ovyo akimaliza wa arobaini kila wiki, jina linaingia. Akaondoka hivyo hivyo jina likiwa nje. Alikuja kuingizwa kwenye World Golf Hall of Fame 2017, na LPGA wenyewe 2022 wakafuta ile sheria ya miaka 10 ndo akaingia na kwao. Alisubiri miaka 12 nyumbani na sheria ndo ikasogea. Mie ningekuwa yeye ningecheza, nasema ukweli. Ningejikokota nipate ile miaka. Kwa hiyo mtu asiniambie alifanya jambo rahisi.

Sasa kwa huyu kijana wa Makorora. Mwanangu hujasema uongo, Lorena hakutoka kwenye shida. Lakini nikuambie kilichonifanya mie kedi nimpende. Viwanja vingi vya gofu Marekani wanaokata majani, wanaosawazisha mchanga alfajiri, wanaomwagilia, wengi ni watu wa Mexico. Wachezaji wanapita wanaona majani mazuri tu, mtu hawamuoni. Huyu binti alikuwa akifika kwenye mashindano anawafuata kule nyuma kwenye mabanda ya mashine, anakula nao kifungua kinywa, anawashukuru kwa lugha yao, na kuna wakati aliingia jikoni mwenyewe akapika nao. Namba moja wa dunia hiyo. Ndo maana siku akishinda unawaona wale wafanyakazi wamesimama kandokando na bendera.

Mie nilibeba begi la bwana mmoja miaka minne, simtaji na alishakufa Mungu amrehemu. Miaka minne ananiita «boi». Siku moja nilimtafutia mpira kwenye mikoko mpaka magotini, nikautoa nimepata tope mpaka kifuani, akauangalia akasema sio wake, wake una alama nyekundu. Nikarudi. Nilipoupata wa alama nyekundu akaniambia umechelewa ameshapiga mwingine. Nilipewa hela yangu ile ile, sikukatwa wala sikuongezewa. Sasa mtu aliyekaa kwenye tope lile akimuona Lorena anakula na wakata majani, haulizi baba yake alikuwa na hela kiasi gani.

Na alipoacha hakwenda kulala. Ana taasisi yake na kuna shule huko Guadalajara inaitwa La Barranca, ya watoto wa familia zisizo na uwezo, aliianza kuihudumia akiwa bado anacheza na alisema ni moja ya vitu anavyotaka muda navyo. Hela yenyewe ilikuwepo, kwenye ligi peke yake alikusanya karibu dola milioni 15, na 2007 alikuwa mwanamke wa kwanza kupita milioni 4 kwa msimu mmoja.

Kama unataka wa shida kweli kweli, mtafute Esteban Toledo. Wa Mexicali, mpakani. Huyo alikuwa bondia wa kulipwa kabla ya gofu! Tanga ya mabondia hii mnapaswa kumjua. Familia ya watoto 11 yeye ndo kitinda mimba, alianza kwa kuokota mipira kiwanjani kama sie. 2013 akiwa na miaka 50 akashinda Insperity Championship kule Texas kwenye ligi ya wazee, Mmexico wa kwanza kushinda huko. Hamsini! Mmoja kaacha na 28, mwingine kashinda kombe hilo na 50, na wote Wamexico.

KijanaWaMakorora

Mzee nimekaa chini. Huyo Toledo nakwenda kumtafuta sasa hivi. Hilo la tope limeniuma.

DadaWaChumbageni

Baba pole sana. Alama nyekundu kweli?

KediMstaafu

Alama nyekundu mwanangu. Nukta mbili za kalamu. Mpaka leo nikiona mpira wa gofu nauzungusha kwanza.

ShabikiWaWatoto

Samahani nachomekea. Mimi nina mabinti wawili, mkubwa ana miaka 9. Baada ya huyo Ochoa, Mexico walipata wengine au ndo ilikuwa nyota ya mkia? Nauliza maana watu wanapenda kusema fulani kafungua njia, unakuta njia yenyewe kapita peke yake.

Mgosi_wa_Lushoto

Walipata. Kwa kina mama kuna Gaby López, kashinda LPGA mara kadhaa, na María Fassi naye yupo. Kwa wanaume ndo kuna kituko, kabla ya hapo Mmexico wa mwisho kushinda kwenye PGA Tour, ile ligi yao kubwa, alikuwa Víctor Regalado, 1978! Ikapita miaka 42 kapa. 2020 Carlos Ortiz akashinda Houston Open, na Ortiz huyo amekulia klabu ile ile ya Guadalajara aliyokulia Lorena. 2021 Abraham Ancer naye akashinda mashindano makubwa ya Memphis. Siwezi kukuambia ni yeye aliyewatoa hao, ila mtoto akikua anaona jina la mtu wa mtaa wake ukutani pale klabuni nadhani inasaidia.

Na nyumbani tunaye Madina Iddi wa Arusha, mcheza gofu wetu wa ridhaa, amekuwa akibeba makombe mpaka nchi za jirani. Mkubwa wako wa miaka 9 hajachelewa, Lorena alianza na 5 lakini Toledo hakuanza na fimbo ya dhahabu.

KediMstaafu

Mlete jumamosi asubuhi kabla jua halijakaza. Fimbo za watoto hazipo za kutosha, huwa tunawakatia zile kuukuu za watu wazima tunafunga mpira wa baiskeli kwenye mshikio. Aje na raba, asije na ndala, nyasi zina upupu upande wa kule chini.

MtotoWaNgamiani (mleta uzi)

Wadau nimerudi na mrejesho.

Nimeenda kijiweni nimesoma uzi wote kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, walipofika kwenye wiki 158 wakaanza kugonga meza, kwenye udongo wa Cherry Hills wote kimya, kwenye mkonge wakapiga kelele kuna mmoja aliyefanya kazi shambani Muheza akataka kujua miche 62 ilipandwa wapi hasa. Nimelipa. Siku ya kwanza peke yake imeniondokea elfu saba na mia nne, muuza kahawa ananiita tajiri.

Nikamuuliza fundi yeye gofu kaijulia wapi, maana miaka yote namuona na spoku tu. Hakujibu. Akaendelea kukaza tairi ya mteja, akamaliza, akapangusa mikono. Akasema huyo kedi wenu aliyeandika, muulizeni kama alikuwa anaficha viatu kwenye mkorosho wa pili au wa tatu.

Mzee KediMstaafu upo?

KediMstaafu

Wa pili. Wa tatu ulikuwa wa kwake, na kulikuwa na nyigu. Mwambie nakuja leo baada ya isha, na mimi sinywi vikombe sita, nakunywa nane.